Waya wa Shaba Mahali pa Fizibu

Mwadi alisikia ile harufu wakati alikuwa anapiga pasi gauni jeupe la binti yake Naomie. Aliinua pasi haraka akaangalia kitambaa: kizima, hakina doa. Akanusa makaa ya ndani ya pasi. Makaa tu. Akanusa upande wa nje, kwenye mbabula ambapo maharagwe yalikuwa yanachemka. Maharagwe tu. Ndipo akageuza kichwa kuelekea salo, chumba cha wageni, akaona moshi mwembamba unatoka chini ya kiti cha pikipiki ya mume wake, unapanda polepole, unaitafuta suti ya arusi iliyotundikwa ukutani.

"Baba Naomie! Pikipiki iko naungua mu nyumba!"

Hakungoja jibu. Aliruka juu ya viti vya kuazima vilivyokuwa vimepangwa mlangoni, akafika kwenye ile pikipiki iliyoegemezwa ukutani na usukani wake umekunjwa, akageuza ufunguo, akauchomoa. Moshi ukasitasita, ukakatika. Mume wake Kalenga akatoka chumbani na mapambo ya karatasi mikononi na mengine shingoni, anashangaa kama mtu aliyeamshwa.

"Kuko nini?"

"Unaniuliza mi? Nusa!"

Kalenga akanusa. "Ah. Nilijaribu taa za arusi, nikasahau ufunguo. Ni kaplastiki kadogo kalipata joto."

"Na suti yako pia ilikuwa inataka kupata joto kadogo?"

Ku Dilala, mtaa wa Kolwezi, pikipiki hailali nje, kila mtu anajua. Mwenye pikipiki anaiingiza salo jioni, na wageni wanazoea kunywa chai huku goti limegusa gurudumu. Kwa hiyo pikipiki ikiugua, inaugulia ndani, karibu na makochi, karibu na pazia, karibu na watoto. Akina mama wanaofagia kila asubuhi kuzunguka tanki la petroli wasifikiri ugonjwa wa pikipiki ni habari ya wanaume peke yao.

Na ugonjwa wa ile ya Kalenga haukuanza siku ile. Ulianza kipindi Kalenga alipoacha kubeba watu peke yao akaanza kubeba pia magunia ya mawe ya bakrezeri, wale wachimbaji wa mikono. Gunia moja nyuma, gunia lingine mbele juu ya tanki, katikati ya mikono yake, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa. Baada ya hapo pikipiki ikaanza tabia. Asubuhi anageuza ufunguo: taa hakuna, klakisoni hailii, injini kimya. Anafungua kifuniko cha pembeni, anakuta fizibu, ile fyuzi ya umeme, imekatika, anaweka nyingine, anaondoka anapiga mluzi. Siku zinapita, tena hivyo hivyo.

Jambo lililomfurahisha Kalenga ni kwamba jioni nyingine, akiwa anaipandisha kizingiti kwa nguvu ya injini, ilizimika yenyewe palepale mlangoni.

"Munaona?" aliwaambia majirani. "Inajuaka kwao. Ikifika, inalala yenyewe. Ata punda haina ile akili."

Halafu fizibu zikamchosha. Akaokota kipande cha kabo nene ya umeme kilichokuwa kinazagaa uani, ndani ya lupango, akatoa ndani yake uzi wa shaba uliokuwa unang'aa kama pete, akauzungushia mahali pa fizibu. Mwadi alimwona akamwambia aache. Kalenga alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Naomie, sisi bantu ba Kolwezi! Tunalala juu ya shaba, tunakohoa vumbi ya shaba, halafu tuende kulilia kafizibu ka plastiki? Shaba haikatikake!"

Ndiyo, haikatiki. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Fizibu ni kitu kidogo chenye kauzi kembamba ndani, na kazi yake ni kufa. Waya ukigusa chuma mahali pabaya, fizibu inakufa ya kwanza ili pikipiki ibaki na mwenye kuikalia abaki. Ukiweka shaba nene pale, umeziambia waya zingine zote zitangulie kufa. Na waya hazifi kimya. Zinakufa na moshi, na juu yake kuna tanki.

Lakini Ijumaa ile Mwadi hakuwa anafikiria tanki peke yake. Kesho yake Naomie alikuwa anaolewa na Jeancy kwenye kanisa la Manika. Baba yake Jeancy, Tata Mukuna, alikuwa ametoa jeep yake kwa maneno matamu siku ya mazungumzo, akasema itambeba bibi arusi. Kalenga akasimama mbele ya bakwe wote akajipiga kifua: "Hii mutoto nilimubebaka ku masomo na pikipiki yangu tangu iko kadogo. Na ku kanisa nitamufikisha mi mwenyewe. Jeep ifuate nyuma, ibebe bamama!" Watu walipiga makofi na vigelegele. Naomie alilia kwa furaha. Mwadi naye alipiga kigelegele.

Sasa kile kigelegele alikijutia. Ama mtoto wake aende kanisani na gauni refu jeupe amekalia waya zilizokwisha kuungua, ama mume wake ameze neno lake mbele ya bakwe na jeep ya watu imbebe bibi arusi. Hakutaka la kwanza. Na la pili, akimwangalia Kalenga na yale makaratasi shingoni, halikumpa raha pia.

"Toa hii kitu mu nyumba yangu," alisema.

Waliisukuma nje, mbali na mbabula. Kalenga akafungua kifuniko cha pembeni, akaona waya iliyotoka kwenye betri imevimba na kuyeyuka kama ndizi ya kukaangwa, na ule uzi wa shaba uko palepale, unang'aa, haukupata hata alama.

"Si unaona! Shaba ni muzima!"

"Muuaji njo anabakiaka muzima," alijibu Mwadi.

Jirani yao Zakaria akachungulia juu ya ukuta. Huyu alikuwa Mwislamu, msafirishaji wa mizigo, mwenye pikipiki zake ambazo anazitengeneza mwenyewe nyumbani, na mwenye kupenda maneno.

"Salama, Mama Naomie? Nilisikia kelele, nikasema arusi ya wakristo siku hizi inaanzaka Ijumaa?"

"Kuya, Zakaria. Kuya uone mambo ya rafiki yako."

Zakaria akaja, akaangalia, akatikisa kichwa. "Tata Kalenga, na mi nilifanyaka hivi, kitambo. Kiti ya pikipiki iliungua na mi nikiwa juu. Nilikaa juma nzima nakula wima."

Kalenga alicheka, lakini mkono wake tayari ulikuwa unatafuta kipande kingine cha kabo. "Tubadilishe ile waya yenye iliyeyuka, tuweke shaba nene kidogo kupita ya kwanza, basi. Ya kesho tu. Nikitoka ku kanisa nitatengeneza bien."

Mwadi alikaza kikwembe chake kiunoni, akakaa juu ya pikipiki kama abiria, miguu upande mmoja, na ufunguo akaufunga kwenye pembe ya kikwembe.

"Mama Naomie, shuka."

"Kama unaweka ile waya, uniunge na mi palepale. Tuungue bote, mutoto atabakia na jeep."

Zakaria akaweka mikono kiunoni. "Mukubwa, mi siingilie mambo ya mutu na bibi yake. Lakini kwa kumushusha pale, unahitaji kreni ya mashimo ya madini, kule Mashamba."

"Unaniitaka muzito?" aliuliza Mwadi.

"Ninakuitaka mama ya heshima!"

Hapo Kalenga akatupa kabo chini, akacheka kwa kushindwa. "Bon. Basi tutafute mahali kwenye fizibu inakufiaka. Anza, fundi."

Mwadi akashuka, lakini na masharti yake. Betri ifunguliwe kabla ya mtu kugusa waya hata moja. Tanki livuliwe, lipelekwe nyuma ya nyumba. Hakuna mwenye sigara. Zakaria aliitikia kila sharti kwa kuinama, kama mtu anayepokea amri ya jeshi, lakini alilifanya. Akaleta kwake kipande cha waya ya unene uleule, akabadilisha ile iliyoyeyuka.

Halafu akatoa mfukoni ampuli, balbu ndogo ya pikipiki yenye waya mbili.

"Hii tutaifunga mahali pa fizibu," alieleza. "Ampuli haiunguzake kitu. Kama waya iko nagusa chuma fasi fulani, ampuli itawaka yote, sawa jicho ya mutu mwenye aliona nyoka. Kama hakuna ubaya, itawaka kidogo tu, ao haitawaka. Sasa turudishe betri, na mama atupe ufunguo."

"Ufunguo nitageuza mi mwenyewe," alisema Mwadi, akageuza.

Wote wakainama. Ampuli ikawa nyekundu kidogo, kama mtu mwenye usingizi, ikabaki hivyo.

Walianza kutafuta. Kalenga alikuwa na uhakika ubaya uko kwenye taa ndogo za rangi alizofunga juzi kwa ajili ya arusi. Wakazichomoa zote: ampuli ileile, na usingizi wake. Wakachomoa taa ya nyuma, wakatikisa waya za chini ya kiti, wakachomoa klakisoni, wakagonga betri. Usingizi. Naomie akatoka ndani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama hewani, na msusi wake akamfuata na kitana.

"Papa, pikipiki inakataa kuolewa?"

"Nyamaza, wewe! Rudia ku musuko!"

Zakaria alinyooka, akajifuta jasho. "Tata Kalenga, mi sioni kitu. Labda ilipona. Waya yenye iliyeyuka njo ilikuwa ugonjwa."

"Si nilisema!" Kalenga aliruka. "Ilipona! Leta fizibu, tuweke, tukule maharagi."

Mwadi alisimama pale, mikono juu ya kichwa. Mtu mwenye wasiwasi hachekwi bure. Majirani walimcheka kwa kukagua mlango mara nyingi, kwa kunusa sahani, kwa kuuliza motari kila anapopanda kama breki ipo. Lakini wasiwasi una faida moja: unaona kila kitu, hata kisichokuhusu. Ugonjwa wa mtoto wake mmoja, zamani, ulipona pia kila walipofika kwa daktari, ukarudi kila walipofika nyumbani. Alijiuliza: pikipiki hii inaugulia wapi? Barabarani? Hapana. Gengeni? Hapana.

"Inaugulia ku mulango," alisema kwa sauti.

"Nini?"

"Si uliambiaka bantu, ikifika mulango inalala yenyewe? Unaingiaka ku mulango namna gani, baba Naomie?"

"Namna gani, namna gani! Ninaingia tu."

"Onyesha."

"Nionyeshe nini? Ninapanda kizingiti, ninakata kushoto nikimbie kabati, ninaegemesha ku ukuta..." Akaangalia ule usukani ulionyooka mbele yake. Wakati walipoitoa nje walikuwa wameunyoosha, na tangu hapo hakuna aliyeugusa.

Zakaria hakungoja. Alishika usukani akaukunja wote kushoto.

Ampuli ikafungua jicho. Ikawaka nyeupe, kali, mpaka msusi akaruka nyuma na kitana chake.

"Yoo!"

"Rudisha!"

Akarudisha katikati: usingizi. Akakunja kuume: usingizi. Kushoto: jicho. Naomie hakuweza kuvumilia, akaja akaunyakua usukani mwenyewe, anaukunja na kuurudisha, anacheka, kushoto, katikati, kushoto, na lupango lote likapiga kelele kila ampuli ilipowaka. Watoto wa jirani walipanda ukutani wakidhani ni mchezo. Kalenga alikuwa anacheza dansi na yale mapambo shingoni.

"Punda mwenye akili!" Zakaria alimfinya ubavu. "Kumbe kila jioni ilikuwa inakuambia iko mugonjwa, na weye unaisifu!"

Wakavua taa ya mbele. Pale kwenye shingo ya pikipiki, mahali ambapo waya zote za usukani zinapita kwa kubanana, walikuta waya moja imechunika upande, shaba yake iko uchi, imefunikwa na vumbi la kijani la mawe, na kwenye chuma kilicho mbele yake kuna alama nyeusi za kuungua. Kamba iliyozishika waya zile mahali pake ilikuwa imekatika. Haikuhitaji maelezo. Gunia la mbele, lile la kukumbatiwa kama mtoto, lilikuwa limezisukuma waya kidogo kidogo, safari baada ya safari, mpaka zikaanza kujisugua kwenye chuma kila usukani unapokatwa kushoto.

Kalenga alipitisha kidole kwenye ile alama nyeusi. Alama moja ilikuwa kubwa, mbichi, ya siku ile.

"Kesho," alisema polepole, "ku kanisa, unaingiaka ku lango kwa kukata kushoto."

Naomie aliachia usukani. Mwadi akageuza ufunguo, akauchomoa, akaufunga tena kwenye pembe ya kikwembe.

Kazi iliyobaki waliifanya bila kelele. Betri ikafunguliwa tena. Kwa kuwa umeme ulikuwa umekwenda zake tangu asubuhi, Zakaria alipasha chuma chembamba kwenye mbabula ya maharagwe, kule mbali, akawa anakimbia nacho kabla hakijapoa. Akakata kile kipande kilichochunika, akaunga waya kwa risasi ya kuyeyushwa, akaivalisha kipande cha mpira wa tyubu, akafunga na utepe wa skochi. Kalenga akazirudisha waya mahali pake, akaziachia nafasi ya kupumua, akazifunga kwa kamba mpya, akakunja usukani kushoto na kuume akiangalia kama kuna inayovutwa. Betri iliporudishwa na ufunguo kugeuzwa, ampuli ililala usingizi wake bila kushtuka. Mwishowe Zakaria akaleta fizibu ya kweli, yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ikaingia kwa mlio mdogo, na tanki likarudishwa mahali pake.

Ule uzi wa shaba Mwadi aliutupa ndani ya choo.

"Na gunia ya mbele?" aliuliza.

"Ilikufa leo," alisema Kalenga. "Nitabeba ya nyuma tu. Na bantu."

Hata hivyo, kabla ya kumwacha ale, Mwadi alimwamuru aingize pikipiki salo na kuitoa, aingize na kuitoa, injini inanguruma, mpaka maharagwe yakashika sufuria na Naomie akasema kwamba bibi arusi anaomba amani. Haikuzimika mlangoni. Kalenga alilazimika kuizima mwenyewe kwa ufunguo, na alionekana kama mtu aliyenyang'anywa punda wake.

Jumamosi asubuhi ulikuja ugomvi mwingine, mdogo. Mwadi alileta kasko, kofia ngumu ya pikipiki. Naomie akashika shela yake kichwani.

"Mama! Kasko juu ya voile?"

"Voile juu ya kasko, kama unapenda. Lakini kasko iko naenda."

Ikaenda. Msusi alilia kidogo, akafunga voile kuzunguka ile kasko kwa pini, na kusema kweli ilipendeza kwa namna yake, kama keki. Gauni likakunjwa na kufungwa mbali na gurudumu na bomba la moshi. Mwadi alilifunga mwenyewe, akalivuta, akalifunga tena. Halafu akafungua pembe ya kikwembe akampa mume wake ufunguo.

Njia nzima kutoka Dilala mpaka Manika motari wenzake Kalenga walimsindikiza mbele na nyuma, klakisoni zinalia, watu wanatoka madukani kupunga mikono. Jeep ya Tata Mukuna ilifuata katika vumbi lao. Mwadi alikuwa nyuma ya Zakaria, anamshika bega mpaka kucha zikaingia, macho yake hayakutoka chini ya kiti cha mume wake.

"Mama, bega ni yangu," Zakaria alilalamika.

"Endesha."

Walipofika lango la kanisa, Kalenga akapunguza mwendo, akanyoosha mguu, akakata usukani wote kushoto. Mwadi alifumba macho. Alisikia klakisoni ya mume wake, aliijua kati ya zote, inalia ndefu bila kukatika, inaingia lango, inalia bado, inafika mpaka kwenye ngazi. Alipofumbua, Kalenga alikuwa amesimama juu ya vikanyagio na mikono hewani, na Naomie anacheka ndani ya kasko.

Tata Mukuna alishuka kwenye jeep na suti yake ya kijivu, akaja na mkono mbele kumsalimu mama wa bibi arusi. Mwadi akampita. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akaingiza kiganja chini ya kiti, akapapasa waya, akapapasa mahali pa fizibu, akainama akanusa. Baridi. Hakuna harufu. Ndipo akarudi, akampa mukwe wake mkono.

Tata Mukuna akaangalia kiganja chake kilivyokuwa cheusi. "Mama, hii ni nini?"

"Grisi, mukwe wangu. Munisamehe. Na hii jeep yenu, fizibu yake ni ya kweli, ao ni waya ya shaba?"

Watu walicheka, na Tata Mukuna akacheka kupita wote, akageuka kwa dereva wake ili wacheke pamoja. Lakini Benoît, dereva, hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Benoît," alisema Tata Mukuna, "fungula kapo ya injini."

Kwaya ilikuwa imekwisha kuanza ndani. Wanaume wote wenye suti walikuwa wameinama juu ya injini ya jeep, Kalenga na Zakaria katikati yao wanaonyesha kwa vidole, na Jeancy bwana arusi naye anachungulia kwa nyuma yao, wakati sauti ya Naomie ilipotoka kwenye ngazi.

"Bazazi bangu! Leo tunaowesha jeep, ao tunaowesha mi?"

Mwadi akapanda ngazi mbio, akamvua kasko kwa ule mkono wake mwingine, uliokuwa safi.